Mnada Usio na Ada na Mnada Wenye Wanunuzi

Hotuba ya Katibu kwa wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya soko. Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama hiki kilivyozaliwa na taabu zilizowapata walioanzisha, wala mimi sitarudia hayo. Kazi yangu ni kutazama mbele, maana mwaka huu wa kumi umetuletea jambo ambalo mkutano mkuu utatakiwa kulikata shauri. Mawakala wa minada ya intaneti, si mmoja wala wawili, wamefika ofisini wakitutaka tunadi mazao kwao. Kila mmoja huja na karatasi nzuri, na kila mmoja husema kwamba ada yake ni ndogo kuliko ya jirani yake. Yuko hata asemaye kwamba kwake hakuna ada kabisa. Baadhi ya wanachama wamekwisha kuniuliza: "Bwana Katibu, ikiwa yuko anayeuza bure, kwa nini twamlipa mwingine?" Swali hilo ni la haki. Leo napenda kulijibu kwa kutazama mambo yaliyowapata wauzaji wengine waliotutangulia katika njia hii, ili tusinunue kwa fedha zetu maarifa ambayo wenzetu wamekwisha kuyalipia.

Mnada si jambo geni kwetu, na hata mnada wa kompyuta sasa si mgeni. Chai ya Afrika Mashariki hunadiwa Mombasa, na mwaka 2020 sauti za chumba cha mnada zilinyamaza, biashara ikahamia kwenye kompyuta. Korosho za kusini mwa Tanzania katika msimu wa 2024/2025 zilinadiwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Kahawa bora ya Brazil ilinadiwa kwa intaneti tangu mwaka 1999 katika mashindano ya Cup of Excellence, na mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia katika mashindano hayo. Lililo jipya kwetu ni hili: minada kadhaa kushindana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja ukimvuta muuzaji kwake. Jambo hilo liliwapata kwanza wauzaji wadogo wa Marekani, na ndio ninaotaka tuwasikilize.

Mwezi wa Septemba mwaka 1995, kijana mmoja wa California aitwaye Pierre Omidyar alifungua mnada katika intaneti, ambao baadaye uliitwa eBay. Husimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa ni kijitochi cha leza kilichokuwa kimeharibika, kikapata dola 14.83, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyekusanya vitu vya namna hiyo. Habari hiyo huchekesha, lakini ina mafundisho. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kibovu kimeuzwa kwa sababu mtu anayekitaka aliweza kukiona. Kazi ya mnada ni hiyo, kumkutanisha mwenye kitu na yule akitakaye kuliko watu wote.

Biashara ilipostawi, washindani hawakukawia. Mwaka 1998 kampuni ya Yahoo ilifungua mnada wake, na muuzaji hakutozwa chochote kwa kutangaza bidhaa. Mwaka 1999 Amazon nayo ikafungua wake. Basi wauzaji wakaanza kulinganisha. Waliokuwa eBay walinung'unika juu ya ada. Waliokwenda Yahoo walifurahia kuuza bila ada. Lakini baada ya muda maneno yao yakabadilika. Wengi walisema kwamba Yahoo kutangaza ni bure, ila mtu hutangaza akakaa, asione mtu wa kutaja bei. Kule eBay ada inauma, lakini wanunuzi wawili watatu wakishindana, bei hupanda.

Je, hayo yalikuwa maneno ya watu tu? Wataalamu wawili wa uchumi, Jennifer Brown na John Morgan, waliyapima. Walichukua sarafu za zamani zinazofanana wakazinadi pande zote mbili, eBay na Yahoo, wakaandika kila bei. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2009 walieleza kwamba mapato ya eBay yalizidi ya Yahoo kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 70, na kwamba kila mnada wa eBay ulivuta wanunuzi wapatao wawili zaidi.

Wakulima wenzangu, tufanye hesabu hiyo kwa shilingi. Tuseme mzigo mmoja umepata shilingi 100,000 katika mnada usio na ada. Mzigo kama huo, ukizidi kwa asilimia 20 tu, utapata 120,000 katika mnada wenye wanunuzi. Tuseme tena kwamba mnada huo wa pili unatoza sehemu ya kumi, yaani 12,000. Mkulima atarudi nyumbani na 108,000. Aliyelipa ada amemshinda asiyelipa kwa shilingi 8,000. Kwa hiyo tumwulizapo wakala, "Unatoza kiasi gani?" tumeuliza nusu ya swali tu. Nusu ya pili ndiyo kubwa: "Wanunuzi wako ni wangapi, nao walilipa bei gani kwa mazao kama yetu?"

Lakini asitoke mtu hapa akisema Katibu amefundisha kwamba mnada wenye ada ndio ulio bora siku zote. Tazameni Japani. Huko Yahoo ilitangulia mwaka 1999, eBay ikafika mwaka 2000 wanunuzi wamekwisha kuzoea mahali pengine, na mwaka 2002 ikafunga mizigo ikaondoka. China nako, eBay ilinunua mnada mkubwa wa nchi hiyo, lakini mwaka 2003 ikatokea Taobao isiyotoza ada. Taobao iliwawezesha muuzaji na mnunuzi kuzungumza kabla ya kuuziana, na pamoja nayo ukaletwa utaratibu wa malipo ambao fedha ya mnunuzi hushikwa na mtu wa katikati mpaka bidhaa ifike. Mwisho wa mwaka 2006 eBay ilifunga mnada wake wa China ikawakabidhi wengine shughuli hiyo. Marekani wenyewe, Yahoo ilifunga mnada wake mwaka 2007. Mnaona basi: jina moja limeshinda huku likashindwa kule. Kilichofanana pote ni kwamba wauzaji waliwafuata wanunuzi, na wanunuzi walikaa mahali walipopazoea na walipopaamini.

Habari hiyo ya malipo ya China yatuhusu sana. Mwaka juzi akina mama wa chama kimoja cha msingi waliuza asali yao katika mnada mmoja wa intaneti, ambao sina haja ya kuutaja. Bei ilikuwa nzuri na ada ilikuwa ndogo. Lakini fedha zilichelewa hata shule zikafunguliwa, na wengine wao wakalazimika kukopa kwa riba ili watoto wasirudishwe nyumbani. Riba ile ilikula faida yote. Asali haikuwa na kosa, wala bei haikuwa na kosa. Siku za kungoja ndizo zilizokuwa ada kubwa kuliko zote, nayo haikuandikwa katika karatasi yoyote.

Jambo la pili walilojifunza wauzaji wale ni thamani ya jina. Tangu mwaka 1996 eBay iliweka utaratibu ambao mnunuzi huandika sifa za muuzaji, njema au mbaya, na kila mtu akazisoma. Paul Resnick na wenzake walijaribu kuipima thamani ya sifa hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa kadi za posta za zamani, mwenye sifa njema ya muda mrefu, aliuza kadi zinazolingana kwa jina lake la siku zote na kwa majina mapya yasiyojulikana. Taarifa yao ya mwaka 2006 yasema kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina la zamani zaidi kwa asilimia 8.1 ya bei. Mikono ni ile ile na kadi ni za aina ile ile. Tofauti ni jina tu. Mjumbe anayechoshwa na ukali wa wapimaji wetu ghalani, wanaporudisha gunia lenye unyevu, na aikumbuke asilimia hiyo.

Lakini jina hilo lilikuwa na kasoro moja: halikuwa mali ya muuzaji. Mwaka 1999 Amazon iliwaruhusu wauzaji kuhamishia kwake sifa walizozipata eBay. eBay ikapinga kwa nguvu, ikisema sifa hizo ni mali yake, na Amazon ikaacha. Mtu aliyejenga jina kwa miaka aliambiwa kwamba akihama, jina analiacha mlangoni. Kwa ajili hiyo nasema, alama ya Chama chetu iandikwe juu ya kila gunia na kila karatasi, na mnunuzi aijue hiyo kabla ya kulijua jina la mnada. Tukihama soko, alama ihame nasi.

Jambo la tatu ni sheria za mnada. Amazon ilikuwa na sheria nzuri: mtu akitaja bei katika dakika 10 za mwisho, mnada uliongezwa muda, kama dalali asiyeshusha nyundo mpaka wote wamenyamaza. eBay ulifungwa saa ile ile iliyotangazwa, na wanunuzi wengi waliotea dakika ya mwisho. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha minada hiyo miwili mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kuotea huko kulikuwa kwingi zaidi eBay. Hata hivyo sheria nzuri haikumwokoa Amazon, kwani watu walikuwa kwingine, na mnada wake ukafifia. Tena sheria hubadilika. Mwaka 2008 eBay ilibadili ada na kuwakataza wauzaji kuandika sifa mbaya za wanunuzi. Mwezi wa Februari mwaka huo wauzaji wengi waligoma kwa juma zima. Sheria ya sifa ikaanza kutumika mwezi wa Mei vile vile. Na mwezi wa Juni mwaka 1999 mitambo ya eBay ilizimika kwa saa zipatazo 22, na muuzaji aliyetegemea mahali hapo pekee hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Kwa nini mgomo ule haukufaulu? Wauzaji wale walikuwa wengi mno, lakini kila mmoja alikuwa peke yake na duka lake. Hawakuwa na mkutano mkuu, wala daftari moja, wala mjumbe wa kumtuma. Walilinganisha habari kwa maneno tu. Hawakuweza kuamua pamoja. Hapo ndipo sisi tulipowazidi, ingawa wao walikuwa na mitambo na sisi tulianza na mizani na meza moja. Chama cha ushirika ni wauzaji waliokwisha kukubaliana kulinganisha hesabu zao na kusema kwa sauti moja.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano mkuu uyafikirie mashauri manne, yote yakiwa ndani ya sheria za nchi juu ya uuzaji wa mazao. Kwanza, mnada wowote mpya ujaribiwe kwa mzigo mdogo, na siku zile zile mzigo wa daraja lile lile uuzwe mahali petu pa siku zote, kama walivyofanya wale wataalamu kwa sarafu. Pili, kila mzigo uwe na ukurasa wake katika daftari, uonyeshe bei, ada, usafiri, idadi ya waliotaja bei, na siku zilizopita hata fedha ikafika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, ukurasa huo usomwe mbele ya wanachama, si mbele ya Bodi tu. Nne, tusiweke mazao yetu yote katika mnada mmoja pale ambapo sheria yaturuhusu kuchagua, ili siku mlango mmoja ukifungwa tuwe na mwingine tunaoujua.

Na wewe mwanachama ambaye jioni huja mtu mlangoni kwako akisema, "Nipe mimi, sina makato," nakuomba umwulize maswali ya daftari lile. Wanunuzi wako ni akina nani? Mzigo uliopita ulipata bei gani? Fedha ilifika baada ya siku ngapi? Akiweza kujibu kwa karatasi, mlete ofisini tumsikilize sote. Asipoweza, umekwisha kujua bei ya hicho anachokiita bure.

Miaka kumi iliyopita waanzilishi wetu walikataa kuuza kila mtu kivyake gizani. Minada imebadilika, lakini shauri lao halijachakaa. Nawatakia wote mavuno mema na bei ya haki.