DAFTARI LA SHULE LINA PANDE MBILI
Maneno ya karani wa migodi mbele ya wazazi, Bukavu



Kila mara matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, twasikia: shule fulani imeshinda, shule fulani imeanguka. Kisha twahukumu: hawa walimu hodari, wale wavivu. Mimi ni karani wa migodi. Kazini hatupimi kundi kwa mawe liliyoyatoa tu. Twaandika pia sururu na mabeleshi liliyopewa. Kwa watoto wetu, mbona twaandika upande mmoja wa daftari?

Shule zetu hazikuanza mahali pamoja. Koleji iitwayo leo Alfajiri, Mapadri Wajesuiti waliifungua mwaka 1938 kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mtoto Mwafrika alianza kufunguliwa shule za Serikali zisizo za dini mwaka 1954, wakati wa Waziri Buisseret. Siku ya Uhuru, mwaka 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Tangu 1967 mtihani ni mmoja kwa wote. Maswali ni mamoja, lakini vyombo si vimoja. Huyu amejifunza kemia kwa vyombo vya maabara, yule kwa chaki tu.

Na vyombo vyatoka wapi? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema shule za msingi za Serikali ziwe bure. Kazi hiyo ilianza kutimizwa mwaka 2019. Sekondari haimo. Huko mzazi analipa, na franka zake zamsaidia mwalimu kuishi. Penye wazazi maskini, mwalimu anakwenda kutafuta kazi nyingine. Tukisifu asilimia peke yake, mara nyingi twasifu mfuko wa baba, si akili ya mtoto.

Sisemi kwamba walimu wavivu hawako. Wako. Lakini tutawajua tukilinganisha shule zenye vyombo sawa.

Basi, katika kila komite ya wazazi tuombe mambo mawili yaandikwe kando ya matokeo. Kwanza: walimu wangapi wanalipwa na Serikali, vitabu vingapi, wanafunzi wangapi darasani. Pili: watoto wangapi walianza sekondari, na wangapi walifika kwenye mtihani, maana shule inayofukuza wadhaifu mapema itaonekana hodari daima.

Mizani yenye sahani moja haipimi kitu. Tuidai ya pili.