Mwasumini Mlangoni: Ua la Kutambaa kwa Bustani za Kibiti na Delta

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya vikundi vya akina mama, Kibiti)



Nimeombwa nizungumzie maua ya kutambaa. Mwanakikundi mmoja alinionyesha picha ya klematisi, ua linalopanda kuta za nyumba za Ulaya, akauliza kama litaota hapa. Jamaa zake wa porini wapo nchini, kwenye nyanda za baridi kama Usambara na Kilimanjaro. Lakini aina za bustani za Ulaya huhitaji majira ya baridi ili zipumzike, na joto letu halina likizo. Sishauri mtu atoe fedha yake kuagiza.

Hata hivyo wakulima wake wana kanuni moja ya kuazima: kichwa juani, miguu kivulini. Matawi yapate jua, mizizi ifunikwe. Kanuni hiyo inaufaa sana mwasumini, ua letu la Pwani, ambao wengi wenu mmeuona kwa bibi zenu.

Najua swali lililopo: mama anabeba ndoo kichwani, maji ya kumwagilia maua yatoke wapi? Swali ni la haki. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha mche mmoja au miwili, mradi hayana chumvi wala sabuni. Matandazo ya majani makavu au makumbi, yasiyogusa shina, hupunguza sana kiu ya mmea. Anayetaka myasumini kumi asubiri awe na kisima cha maji baridi. Kwa wenzetu wa visiwani katika delta, ambako visima vingi vina chumvi, kingeni maji ya mvua.

Upandaji ni rahisi. Kata pingili ya sentimita 15 hadi 20 kutoka tawi lisilo changa sana wala gumu. Acha majani mawili ya juu, ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 6 huwa na mizizi. Shimo liwe sentimita 45 kila upande, lenye samadi iliyooza vizuri.

Mahali pa kupanda panahitaji uangalifu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na mwasumini hauvumilii mizizi kukaa majini: majani huwa manjano, kisha mmea hufa. Wanaoishi karibu na mto wapande kwenye tuta, au kwenye debe lililotobolewa chini, ambalo watu wawili wanaweza kulibeba.

Mwasumini hauna vikono vya kujishikia, hivyo lazima uufunge. Tafadhali msikate mikoko kwa ajili ya kichanja! Wavu chakavu wa uvuvi uliotandazwa kati ya fito mbili za mwanzi au matawi ya mkorosho unafaa kabisa. Funga kwa kamba laini, kwa kulegeza.

Wengi huogopa kupogoa. Lakini maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Usipokata, utapata msitu wa majani. Huko Madurai, kusini mwa India, ambako asumini ni kilimo cha biashara, hukata hadi karibu nusu mita kutoka ardhini. Sisi tukate kwa kiasi baada ya maua kupungua, kisha tuongeze samadi. Wakati wa kiangazi angalieni chini ya majani, kwani utitiri hujificha hapo. Nyunyizeni maji kwa nguvu.

Chumeni alasiri, maua yakiwa bado tumba nyeupe, kwa sababu hufunguka usiku. Tumba hizo ndizo za kutunga koja la bi harusi, au kushona kikuba pamoja na mrehani na vilua kama wafanyavyo Zanzibar. Kuhusu biashara, sitawaahidi soko. Ua hili hunyauka ndani ya siku moja, na safari ya kutoka delta ni ndefu. Anzeni na harusi za kijijini, mwone kama mnunuzi yupo.

Pingili ziko kwenye ndoo chini ya mwembe. Kila kikundi kichukue sita, na wanaotoka visiwani wachukue kwanza, kabla boti haijaondoka.