Baridi Inayotoka Juu

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama na mafundi, Kinangop)

Tumeombwa tuseme juu ya yale magodoro ya fibaglasi yanayowekwa darini ili nyumba isiwe baridi.

Sisi wa Kinangop tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Mwezi wa saba kuna asubuhi ambazo nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nyumba zetu ni za mabati, na bati ni kama sufuria, halizuii joto hata kidogo. Mnawasha moto jioni, joto linapanda, linafika kwenye bati, linakwenda zake. Halafu alfajiri matone yanadondoka kitandani, mnasema paa linavuja. Pengine halivuji. Ni mvuke wa pumzi zetu na wa sufuria, umegusa bati baridi ukawa maji.

Godoro hili halileti joto, mfahamu hivyo. Nyuzi zake zinashika hewa ikatulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ni kama sweta tu.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tulipoweka kwenye chumba cha watoto wa nasari, nafasi kati ya mbao ilikuwa ndogo kuliko godoro. Badala ya kukata, tulilisukuma kwa magoti mpaka likaingia. Tukashuka tukifurahi. Kumbe tumeitoa ile hewa yote! Mwezi mzima watoto wa upande ule walikaa na makoti darasani. Ikabidi tupande tena. Kwa hiyo pima kwanza, kata kwa kisu kikali, uzidishe sentimita moja tu ili likae lenyewe bila kuanguka. Magodoro yagusane, msiache mianya.

Kosa la pili, tuliziba matundu ya hewa yaliyo chini ya mabati, pale kwenye ukingo wa paa. Mvuke ukakosa njia, magodoro yakalowa. Matundu yale yaachwe wazi.

Mafundi, vaeni mikono mirefu, glavu na kitambaa puani. Mmoja wetu alipanda na vesti, alijikuna siku mbili. Kanyageni mbao, si silingi bodi. Taa iliyozamishwa darini isifunikwe, na bomba la moshi liachiwe nafasi, lisiguswe. Kama paa ni la zile shuka za zamani za asbestosi, ambazo Kenya ilipiga marufuku mwaka 2006, msikate wala kutoboa kitu. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Mama mmoja ameuliza kama nyasi kavu haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu fibaglasi ni ghali. Zinazuia baridi, ni kweli. Lakini panya wataita jamaa zao, na cheche moja ya waya itamaliza nyumba. Kama pesa ni kidogo, wekeni kwanza dari ya kawaida, hata kama ni chumba wanacholala watoto peke yake. Magodoro yatafuata.

Sasa jambo lililotufanya tukubali kuja leo. Nyumba ikishapata dari na magodoro, watu huziba na madirisha, wakaingiza jiko la makaa chumbani walale vizuri. Kwetu ilitokea. Mama na watoto wawili walikutwa asubuhi hawajitambui. Walipona, kwa sababu jirani aliyekuja kuomba chumvi hakukubali kuondoka bila kuitikiwa. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi. Nyumba ya zamani ilikuwa inavuja kila mahali, na uvujaji ule ndio uliokuwa ukiwaokoa bila wao kujua. Ukishaweka dari, jiko lilale nje. Si mlangoni, nje kabisa. Na tundu la hewa juu ya dirisha lisizibwe kwa gazeti, hata kama baridi inauma namna gani. Mtu akiamka na kichwa kinagonga na kichefuchefu, atolewe nje mara moja, apelekwe hospitali.

Jumamosi tutafanya kazi kwenye nyumba ya shosho aliye karibu na kisima. Ngazi tunayo. Mwenye kisu cha kukatia mkate, kile kirefu chenye meno, aje nacho, kinakata fibaglasi kuliko panga. Jiko lake tumeshakubaliana naye, litakaa kwenye kibanda cha kuku.