NANI MWENYE UWEZO WA KUMALIZA VITA: RAIS AU BUNGE?

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi ya kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Bombani watu hubishana sana. Mmoja husema Rais akitaka, vita vinakwisha kesho. Mwingine humjibu kwamba Rais ni mtu mmoja tu, wenye sauti ya wananchi ni wabunge. Tutazame yaliyotokea kwetu Burundi.

Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Yeye huamuru askari wapige au waache. Bunge halina hata askari mmoja. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Buyoya alipotwaa madaraka, alilisimamisha Bunge lililochaguliwa mwaka 1993, na katika viti vyake 81 chama cha Frodebu kilikuwa na 65. Wingi wa kura haukulinda hata mlango wa ukumbi.

Lakini vita havikwisha kwa amri. Juni 1998 Serikali na Bunge walipatana kufanya kazi pamoja, na mwezi uo huo mazungumzo yakafunguliwa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999, Mzee Mandela akaendelea. Katika Mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000 pande zilikuwa 19: Serikali, vyama 17, na Bunge likiwa upande wake lenyewe. Wengi hapa hawalijui jambo hilo, nami naliona kubwa. Bunge lilikuwa mezani. Halikungoja kuletewa karatasi ya kupigia makofi.

Kwa nini ilihitajika hivyo? Mkataba ule uligusa viti vya serikali, jeshi, na sisi wakimbizi. Itifaki ya nne inasema anayerudi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, au alipwe fidia ya haki. Ahadi kama hiyo ikikaa mdomoni mwa Rais mmoja, wa pili ataikana. Hata bashingantahe wetu hukata shauri la shamba wakiwa wengi, mbele ya watu. Mkataba ukafanywa sheria tarehe 1 Desemba 2000, na Katiba ya mwaka 2005 ikaweka kwamba mikataba ya amani huridhiwa kwa sheria tu.

Hata hivyo risasi ziliendelea, maana CNDD-FDD na FNL hawakuwamo katika sahihi zile. Hapo mkono wa Rais ulihitajika tena, kwa sababu mwenye bunduki porini hupatana na mwenye bunduki mjini. CNDD-FDD walikamilisha mapatano na Serikali Dar es Salaam Novemba 2003. FNL walitia sahihi ya kusitisha mapigano huko huko Septemba 2006. Kati ya Agosti 2000 na siku hizo watu walikufa wakati sheria ya amani ipo tayari.

Kwa hiyo, mama mwenye shamba kule, redio ikitangaza kwamba Rais amesaini, usikimbilie kufunga mizigo. Uliza kwanza kama wenye silaha wote wamesaini. Kisha uliza Bunge limepitisha nini juu ya ardhi yako.

Ndugu zetu wa mashirika, tuna ombi moja. Sheria hizi ziko kwa Kifaransa. Tuleteeni kwa Kirundi na Kiswahili kabla ya fomu za kurudi nyumbani. Walimu tuko tayari kuzisomea watu kwa sauti jioni, madarasani, kwa wasiojua kusoma.