Sauti ya Mtu, Sauti ya Mashine

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlio nasi, mada niliyopewa ni masikio, na nitajitahidi nisiwacheleweshe tarawehe.

Hebu fikiria uko hapa Isiolo, imebaki nusu saa kufuturu. Simu inalia, namba ngeni, lakini sauti ni ya kaka yako aliye Nairobi: amepata ajali, tuma pesa kwa M-Pesa haraka. Utamuuliza wewe ni nani? Sauti unaijua tangu utotoni! Lakini siku hizi kompyuta ikipewa kipande kifupi tu cha mtu akizungumza, inaweza kuiga sauti yake na kusema maneno ambayo hajayatamka kamwe.

Wengi tunajiamini kwamba tutaitambua. Wapi! Mwaka 2024 Christine Skjegstad wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, aliwapima watu 43. Sauti za watu walizitambua kwa asilimia 56, za kompyuta kwa asilimia 50.5. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi juu. Tena sauti ya kompyuta ikiwa na furaha, waliipata kwa asilimia 32 tu. Maanake ikiwa na hisia ndani yake, tunasema huyo ni mtu, basi. Na tapeli haji kwako bila hisia.

La ajabu ni kwamba ubongo wao ulitofautisha. Picha za ubongo zilionyesha sauti ya mtu ikiamsha zaidi sehemu za kumbukumbu na huruma, na ile ya kompyuta ikiamsha zaidi sehemu za kugundua makosa na kuwa makini. Yaani ubongo umeshtuka, na mwenyewe huna habari! Mwaka huohuo watafiti wa Zurich, Uswisi, nao waliona sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikipoa mbele ya sauti ya kuigizwa.

Kwa hivyo jamani, kwenye pesa usihukumu kwa sikio. Surat al-Hujurat imetutaka tuhakikishe habari, na hii nayo ni habari. Kata simu, mpigie kaka kwa namba yake unayoijua. Akikasirika, mtapatana Idd.

Wazazi nao nina neno nao, kuhusu zile simu tunazowapa watoto watulie futari ikipikwa. Mwaka 2003, huko Seattle, Marekani, Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi 9, wakacheza na watu wanaowasemesha Kichina kwa vikao 12. Watoto wakaanza kuzitofautisha sauti za lugha ile. Wenzao walioonyeshwa watu walewale kwenye televisheni hawakupata kitu, na hiyo ilikuwa sauti ya binadamu kabisa, imerekodiwa tu. Sasa nyanya anayemsemesha mjukuu Kiborana pale jikoni, msimwambie anampigia mtoto kelele.