Bangili Huuzwa na Ncha Zake

(Hotuba kwa akina mama na vijana wa vikundi, Isiolo)



Tumeombwa tuseme machache juu ya bangili za waya, hizi zinazojulisha mji wetu: shaba nyekundu, shaba ya njano na alumini, zimesokotwa pamoja kama kamba. Kusokota wengi wenu mnajua, pengine kutushinda. Sisi tutasema juu ya kumaliza.

Kwa nini? Tuwaambie ukweli hata kama ni aibu yetu. Tangu 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikwisha, na wengi katika kikundi chetu tukategemea bangili kwa unga na karo. Tukapata oda ya bangili mia moja, tukafanya mbiombio. Baada ya wiki mbili, sitini zikarudi! Ncha zilikuwa zinakwaruza mkono na kuvuta nyuzi za nguo. Msokoto haukulaumiwa hata kidogo. Ni ncha tu. Na pesa ya waya tulikuwa tumeshalipa. Watoto wetu wawili walikaa nyumbani kwa ajili ya karo. Basi tukajifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, waya. Nunua kwa mtu anayejulikana, na udai risiti. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mwenye biashara hiyo awe na leseni. Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa muda. Waya wa bei ya kutupa huenda umekatwa kwenye laini, na utakayeulizwa ni wewe. Plastiki iondoe kwa kisu. Usiichome, moshi wake ni sumu kwako na kwa mtoto aliye mgongoni.

Pili, kulainisha. Shaba ukiikunjakunja inakuwa ngumu, halafu inavunjika. Ipashe moto wa makaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, italainika tena. Lakini alumini usiingojee iwe nyekundu, maana itayeyuka kabla. Ipake sabuni ya kipande, uipashe polepole. Sabuni ikigeuka nyeusi, itoe upesi. Kila waya ulainishwe peke yake kabla ya kusokota.

Tatu, ncha zenyewe. Zikate zilingane, uzigonge kidogo kwa nyundo ili nyaya zishikane. Piga tupa mpaka pembe zote ziwe duara, halafu msasa wa kukwaruza, mwisho msasa laini. Umemaliza? Bado. Chukua leso kuukuu, ipitishe juu ya ncha, huku na huku. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye tupa. Siku hizi kwetu bangili haiingii mfukoni kabla ya kupita kwenye leso, na anayepima si yule aliyeitengeneza.

Nne, kung'arisha. Ndimu na chumvi vinatosha. Lakini suuza vizuri kwa maji safi, na ukaushe mpaka ndani ya msokoto. Asidi ya ndimu ikibaki humo, shaba itaota kijani kabla hujauza. Mnunuzi naye mwambie kweli: jasho huweza kuacha alama ya kijani mkononi, nayo hutoka kwa maji na sabuni. Akiambiwa mapema hatadhani amedanganywa.

Tano, bei. Hesabu waya, makaa, msasa, na saa zako za kazi. Mama akisema, "Saa zangu ni bure tu," huyo anamlisha mnunuzi badala ya watoto wake.

Ndugu zetu, zamani lami iliishia hapa Isiolo. Magari yalisimama, nasi tuliuzia madirishani. Mtu akinunua, hatukumwona tena. Leo lami imefika Moyale na gari linapita moja kwa moja. Anayesimama leo tunamhitaji asimame tena akirudi, na awaambie wenzake. Hilo halitafanywa na maneno yetu. Litafanywa na ncha mbili ndogo zisizomkwaruza mtu.

Tupa na msasa tumekuja navyo, na leso pia. Aliye na bangili aitoe tuipime pamoja.