Mabaki ya Machinjioni: Mali na Hatari



Kila alfajiri nyama hutoka machinjioni kwenda buchani, na ngozi hupata mnunuzi. Damu na samadi ya tumboni huachwa vitiririke mtoni, mto uleule tunaochota maji. Hiyo ni mali inayopotea. Damu ya ng'ombe aliyekaguliwa, ikichemshwa mpaka igande, ikaanikwa na kusagwa, ni chakula kizuri cha kuku. Samadi hurutubisha shamba au hutoa gesi ya kupikia.

Lakini si kila kibakicho ni mali. Ini au pafu lenye vifuko vya maji, lililokataliwa na mkaguzi wa nyama, wengi wetu humtupia mbwa, tena kwa huruma. Mbwa huyo hupata minyoo tegu. Mayai yake hutoka na kinyesi hadi uani, na mtoto achezaye hapo huweza kuota kifuko kama hicho ndani ya ini lake. Viungo hivyo vichomwe, au vifukiwe chini sana mbwa wasivifukue.

Na mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani, asichunwe wala asipasuliwe. Huenda ni kimeta, ambacho vimelea vyake hudumu udongoni miaka mingi. Mwiteni afisa mifugo kabla ya kumgusa.